Joto la moshi lisisahaulike

Makala yenu, kwenye aya ya tatu, inasema vituo vya kuhifadhi umeme kwa hewa iliyoshindiliwa havichomi mafuta yoyote. Hapana jamani, hapo wasomaji wanapotoshwa. Kituo cha Huntorf kule Ujerumani, kinachofanya kazi tangu 1978, hushindilia hewa kwenye mapango ya chumvi umeme unapozidi, lakini hewa ikitoka lazima ipashwe moto kwa gesi asilia ndipo izungushe turbaini, yaani mashine ya kuzalisha umeme. Halafu moshi unatoka ukiwa bado na nyuzi joto karibu 400, na wote unapotelea angani! Ndiyo maana ufanisi wake, yaani sehemu ya nishati iliyoingizwa inayorudi kama umeme, ni kama asilimia 42 tu.

Kituo cha McIntosh, jimboni Alabama, Marekani, kilichoanza 1991, kilifungwa kifaa cha kurudisha joto. Moshi unapita nje ya mabomba, hewa baridi ya pangoni inapita ndani, havichanganyiki. Hewa inafika kwenye kichomeo ikiwa imeshapata moto. Gesi inayotumika ikapungua kwa takriban robo, ufanisi ukafika kama asilimia 54. Gesi bado inachomwa, ndiyo, ila robo nzima si jambo la kurukwa. Naomba mhariri arekebishe aya ile ya tatu.