Waya sikioni, sauti uani

Leo asubuhi natoka kupiga mswaki mama mwenye nyumba ananiuliza "Mehmet hajambo?" na wapangaji wote pale bombani wakacheka, hadi yule dogo wa chumba cha nyuma anayedaiwa kodi ya miezi miwili, na yeye anacheka. Mimi! Mtu mzima mwenye kitambi changu na heshima zangu.

Yaani haya yote ni hedifoni tu.

Iko hivi, laptopu yangu inatumia Linux, msiniulize kwanini, Windows ilikuwa inawaka nusu saa mpwa wangu akaniwekea Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na tukaishi kwa amani. Wiki iliyopita nikajitia kimbelembele nikaiapdeti, toka toleo la 22.04 kwenda 24.04, bando la wiki zima likaishia humo. Juzi usiku nikachomeka hedifoni niangalie tamthilia yangu ya Kituruki, ile iliyotafsiriwa, maana ukuta wetu mnaujua, jirani akijikuna unasikia. Nikasikia sauti ipo ila hafifu. Nikaongeza. Bado hafifu. Nikaingia kwenye ile programu ya pavucontrol ambayo inakuruhusu kupitisha asilimia 100, nikavuta mpaka mwisho kabisa, 153. Hapo sasa ikawa nzuri, nikajifunika shuka.

Kumbe zile hedifoni hazitoi kitu. Zimeniziba masikio tu, sauti yote inatoka kwenye spika za laptopu, na mimi naisikilizia kupitia zile mpira!

Na ndo ilikuwa ile sehemu mwanamke anapiga magoti analia "Usiniue Mehmet, nina mtoto wako tumboni." Saa sita usiku. Kwenye nyumba ya vyumba nane.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. Nafungua, mama mwenye nyumba, kanga mbili na tochi ya simu, nyuma yake mjumbe na msuli wake, nyuma ya mjumbe nyumba nzima. Nikasema shikamoo mama. Shikamoo saa sita usiku! Akaitikia marahaba alafu papo hapo "Mtoe huyo mwanamke." Mwanamke gani? "Huyo mjamzito." Nikawaambia ni kompyuta mama, karibuni muone. Wakaingia, tukatazama, kwenye kioo kuna wazee wawili wanakunywa chai kimya kimya. Mjumbe akainama kuchungulia uvunguni, akakuta ndoo na viatu. Akafungua kabati, akakuta shati. Akaniangalia kwa huruma, "Kijana, kwani wewe kwenye mkataba uliandika jina gani vile?" Mama anamjibu anaitwa hivi. Mjumbe akasema "Sasa Mehmet ni nani? Lete kitambulisho cha taifa."

Nikasema ngoja nirudishe nyuma muone wenyewe. Narudisha, kaduara kanazunguka. Kanazunguka. Bando limekata. Nyie, nilitokwa jasho mpaka kwenye kope. Watu mlangoni washaanza "anapoteza ushahidi huyo". Mwisho mjumbe akatoa simu yake akanirushia intaneti, akanitajia paswedi mbele ya kadamnasi, ikafunguka, Mehmet akatokea na bastola, mwanamke akapiga magoti, wote wakasema aaaah. Nikajua yameisha. Wapi! Mama akakaa kitandani kwangu, "Hebu tuone kama anamuua." Waliondoka saa nane kasoro.

Mjumbe wakati anatoka akanigusa shingoni, "Na hizi waya ulivaa za nini?"

Swali zuri. Kesho yake nikaenda kwa fundi, kaangalia rangi ya chungwa na zambarau ya Ubuntu akasema saundi kadi imekufa, elfu kumi tupige Windows. Nikanunua hedifoni nyingine, yaleyale. Mpwa kwenye simu ananiambia ristati PipeWire, ile programu inayopitisha sauti, nikaandika systemctl --user restart pipewire wireplumber, ikakubali kwa adabu na haikubadilika kitu. Hii sauti ya Linux ni kama barua ya kwenda wilayani, chini kuna ALSA anayeongea na kadi yenyewe, juu alikuwepo PulseAudio, sasa toka Ubuntu 22.10 kiti kakalia PipeWire, kila ofisi unayokwenda wanakwambia kwetu imepita.

Mwishowe nikafungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti za ALSA, kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Ina nguzo moja tu, mpwa anasema bonyeza F6 uchague kadi yenyewe. Zikatokea nguzo kama mabomba ya kanisani. Kwenye Headphone chini imeandikwa MM, nikadhani ni herufi za jina la aliyetengeneza. Kumbe MM maana yake imefungwa! Na iliyofunguliwa imeandikwa 00! Sasa sifuri mbili nani atajua ndo uzima? Unabonyeza M inafunguka. Alafu huko mwisho kuna Auto-Mute Mode, ndo inayozima spika ukichomeka waya, nayo ilikuwa Disabled. Nikaipeleka Enabled, nikapiga sudo alsactl store isisahau. Herufi moja jamani, M, na mimi nishaitwa muuaji.

Jana usiku nikavaa, sauti tamu masikioni, chumba kimya. Dakika kumi ukuta ukagongwa. "Wee Mehmet! Mbona hatusikii?"

Nikajifanya nimelala. Na ndo maana leo bombani amenianza vile, alafu eti umeme wangu umepanda kutoka elfu saba mpaka kumi kwasababu nina kompyuta, friji lake la kuuzia barafu halihesabiwi, chaja yangu anayo mjumbe tangu ile usiku, na maji yenyewe yalipofika zamu yangu yakakatika nikiwa na povu mdomoni.