Faini Niliilipa Siku Moja, Bima Inanidai Miaka Mitano

Mimi si mtu wa mbio. Naomba hilo lieleweke kabla sijaanza kulalamika, kwa sababu kampuni ya bima ya gari langu hapa Leicester imekataa katakata kulielewa. Gari lenyewe lina umri wa miaka kumi na mmoja, na likipanda mlima huhema kama mzee aliyebebeshwa gunia la nazi. Katika miaka tisa ya kuendesha Uingereza sijagonga mtu, paka wala nguzo, na sijawahi kuidai bima hata senti ya kioo kilichopasuka. Pamoja na hayo yote, katika kumbukumbu zao mimi ni SP30, yaani namba wanayoandikiwa watu waliopita mwendo unaoruhusiwa kwenye barabara za kawaida. Wazazi wangu walinipa jina la babu, Waingereza wakaniongezea hilo.

Kosa lilitendeka saa kumi na moja alfajiri, nilipokuwa nikirudi kutoka zamu ya usiku kwenye ghala moja upande wa Lutterworth. Barabarani tulikuwa wawili tu, mimi na mbweha, na mbweha hakuonekana kuwa na haraka. Kibao kilisema maili 30 kwa saa. Mimi nilikuwa nakwenda 36, ambazo kwa hesabu ya kwetu ni kama kilomita 58. Jaribu kuendesha daladala kwa mwendo huo kutoka Muheza kwenda Tanga, uone kama abiria hawatakuuliza gari lina ubovu gani. Lakini pembeni palisimama lile sanduku la njano la kamera ya mwendo, juu ya mlingoti, likanimulika mara mbili kama mpiga picha wa harusi.

Nimelichunguza sanduku hilo, kwa maana adui ni vizuri kumjua kwa ukoo. Aliyelibuni ni Mholanzi, Maurice Gatsonides, naye hakuwa askari wala mchungaji. Alikuwa dereva wa mashindano, bingwa wa Monte Carlo mwaka 1953, na alitengeneza kifaa cha kupima mwendo ili ajue namna ya kukata kona kwa kasi zaidi. Mtu alitaka kukimbia, matokeo yake nimekamatwa mimi niliyekuwa nakwenda kulala.

Nilipomsimulia shangazi yangu wa Tanga kwa simu, alisikitika sana, kisha akauliza, “Mwanangu, kwani hukumwomba huyo afande msamaha?” Nikamjibu kwamba hapakuwa na afande, palikuwa na sanduku. Shangazi akanyamaza kidogo, akasema kwamba nchi isiyokuwa na mtu wa kumwomba msamaha ni nchi ya kuhama. Na kweli, kwetu trafiki akikupiga tochi ya kupima mwendo mna nafasi ya mazungumzo: utaeleza kwamba unawahi msiba, yeye atauliza msiba wa nani, mtatafuta kama mna ndugu wa pamoja Korogwe, na hata akikuandikia ile faini ya shilingi 30,000, mtaachana mkiwa mnafahamiana. Sanduku halina ndugu Korogwe.

Barua ilifika ndani ya siku 14, kama sheria inavyowataka, ikinipa siku 28 za kutaja nani alikuwa akiendesha. Hapo shetani alinikalia begani akaninong’oneza kwamba mke wangu leseni yake ni nyeupe kama kanzu ya Idi. Sikufika mbali. Mama Zubeda aliisoma barua ile, akaniangalia usoni, akasema, “Baba Zubeda, usinifanye Vicky Pryce.” Wasiomjua, huyu ni mama aliyezibeba pointi (yaani alama za makosa zinazoandikwa kwenye leseni) za mumewe, Chris Huhne, ambaye baadaye alikuwa waziri wa nishati wa nchi hii. Ndoa ilipovunjika siri ikavuja, na mwezi Machi mwaka 2013 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja, kwa kosa la mwendo kasi la mwaka 2003. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa.

Mwenye kosa dogo kama langu kwa kawaida hupewa nafasi ya kuhudhuria darasa badala ya kupewa pointi. Bahati mbaya darasa hilo nilikuwa nimekwisha kulisoma mwaka mmoja na nusu uliotangulia, baada ya kunaswa nikienda maili 35 mbele ya duka la samani, na haliruhusiwi kurudiwa kabla ya miaka mitatu kupita. Bado nakumbuka somo: ukienda maili 30 kwa saa gari linahitaji mita 23 kusimama, na ukienda 40 linahitaji mita 36. Nililijibu swali hilo sawasawa na mwalimu akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikatoka nikijiona mhitimu. Kumbe kufaulu si kinga.

Basi nikalipa faini ya pauni 100, nikapokea pointi tatu, na malipo yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikamwambia mke wangu kwamba mambo yamekwisha. Sentensi hiyo bado ananikumbusha kila mwisho wa mwezi.

Bima ilipofika wakati wa kuhuishwa, bei ilikuwa imeruka kutoka pauni 540 hadi 655. Nikapiga simu. Nilimpata kijana mwenye sauti ya upole mno, ile sauti ya mtu anayemwarifu mwenzake kwamba mgonjwa hakulala vizuri. Nikamuuliza lile punguzo langu la miaka tisa bila dai limekwenda wapi. Akanihakikishia kwamba lipo palepale, halijaguswa, kwa sababu pointi hazipunguzi punguzo. Zinapandisha bei ambayo punguzo linakatwa kutoka kwake. Ni sawa na kuambiwa kwamba kiti chako kipo salama, ila sakafu imeshushwa futi mbili.

Akanifafanulia kwamba bima hainiadhibu. Adhabu ni kazi ya serikali, wao wanapima hatari tu, na takwimu zao zinawaonyesha kwamba wenye pointi huelekea kuleta madai kuliko wasiokuwa nazo. Nikamwambia kwamba mimi hatari yangu wanaijua, imo kwenye faili lao kwa miaka tisa, nayo ni sifuri. Akajibu kwamba mfumo hauoni hivyo. Nikamwomba anipe huo mfumo niongee nao. Jambo lililonikera kuliko yote nililigundua nilipoitazama hesabu yenyewe: malipo ya bima hapa hutozwa kodi ya asilimia 12, na kodi hiyo hutozwa juu ya bei nzima, nyongeza ikiwemo. Kwa hiyo serikali imenitoza faini kwa kosa langu, kampuni ikaniongezea bei kwa sababu ya faini, kisha serikali ikarudi tena kuchukua fungu lake kwenye nyongeza. Hata mchawi hula nyama ya mtu mara moja.

Nikauliza jambo hili litaisha lini. Hapo nilijifunza kwamba msamaha nao una madaraja. Pointi zinahesabika dhidi yangu kwa miaka mitatu, maana nikifikisha 12 katika muda huo naweza kufungiwa kuendesha. Zinabaki kwenye kumbukumbu za leseni kwa miaka minne. Lakini kwa sheria ya mwaka 1974 inayohusu makosa ya kale kusahauliwa, kosa la aina hii huhesabika bichi mpaka miaka mitano ipite. Mpaka hapo, bima ikiniuliza ni lazima niseme. Na huuliza.

Usiku ule nikakaa na tovuti za kulinganisha bei mpaka adhana ya alfajiri ikalia kwenye simu. Nilipojiandika “mfanyakazi wa ghala” bei ilikuwa moja, nilipojiandika “karani wa ghala” ikashuka pauni 11, na kwa kuwa kweli nashika daftari la mizigo siku za Jumatano, nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Nilipomwongeza mke wangu kama dereva wa pili, ikashuka pauni 48. Yaani mimi peke yangu ni janga, lakini akiwemo Mama Zubeda, hata kama amelala nyumbani, ninakuwa mtu wa kuaminika. Kumwandika yeye kuwa dereva mkuu kungeshusha zaidi, ila huo ni udanganyifu, na jina la Vicky Pryce lilikuwa limekwisha kutajwa mezani kwetu.

Kuzificha pointi nako hakufai. Makampuni yanachukua namba ya leseni na kuzisoma pointi moja kwa moja kwenye kumbukumbu za mamlaka ya leseni kule Swansea, na aliyedanganya anaweza kufutiwa bima yake. Ukikamatwa ukiendesha bila bima unapewa faini ya pauni 300 na pointi sita. Umekimbia pointi tatu, umezikuta sita zimekaa kibarazani zinakungoja.

Mdogo wangu Tanga ana bima ndogo, ameandikiwa faini za tochi ambazo hata yeye hazikumbuki idadi, na wakala anapomkatia bima kila mwaka hamuulizi amekimbia wapi. Bei ni ileile kwa mchamungu na kwa mwendawazimu. Nilipomsimulia habari zangu alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie.

Siku hizi naendesha maili 28. Nyuma yangu huunganika msafara mrefu kama wa bwana harusi, isipokuwa hawa hawapigi honi kwa furaha. Kwenye kalenda ya jikoni niliandika kwa wino mwekundu mwezi na mwaka ambao miaka mitano itatimia, nikaizungushia duara. Juzi binti yangu Zubeda, mwenye miaka kumi na miwili, akaisogelea ile kalenda, akahesabu kwa vidole, akageuka kwa furaha kubwa.

“Baba, mwezi huohuo mimi natimiza kumi na saba. Si ndio umri wa kuanza kujifunza gari? Utaniweka kwenye bima yako?”

Bima ya kijana wa miaka kumi na saba katika nchi hii inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Nikamwambia aniache kwanza nimalize chai.