Mtumishi akisomeshwa akaondoka, tusikimbilie kulaumu mafunzo

Kila bajeti ya mafunzo inapojadiliwa kwenye ofisi za umma kuna hoja lazima itokee, kwamba mtumishi ukimsomesha anaondoka, kwa hiyo bora hela ifanye mambo mengine, au asaini kwanza mkataba wa kutumikia miaka kadhaa. Sio hoja ya kijinga. Mchumi Gary Becker alishaeleza tangu 1964 kwamba ujuzi unaotumika popote mwajiri anasita kuulipia, maana aliyefundishwa anaondoka nao kichwani, na serikalini ni mbaya zaidi kwa sababu mishahara iko kwenye ngazi, bosi hawezi kumwongezea mtu eti kwa kuwa kozi imemkaa vizuri. Halafu kuna zile semina za posho, watu wanasaini mahudhurio asubuhi, mchana viti vitupu. Hizo hata mimi sizitetei.

Ila watu wanaikumbuka sana siku aliyoondoka, siku aliyorudi masomoni hakuna anayeiuliza. Chukua ofisa manunuzi katoka kozi ya miezi mitatu, kajifunza kupanga manunuzi ya mwaka mzima badala ya kukimbizana na maombi ya dharura kila wiki, anarudi anakuta meza ileile, akipendekeza kitu anaambiwa "sisi hapa huwa tunafanya hivi", nakala ya cheti inapelekwa masjala inawekwa kwenye jalada lake, basi, imeisha hiyo. Mwaka unaofuata akipata kazi pengine tunasema mafunzo yamemtorosha! Uwezo wa kuondoka alipewa na kozi, sawa, lakini sababu aliikuta ofisini. Na mara nyingi wala hajatoka serikalini, kahamia taasisi nyingine ya umma, bosi wake analia hasara, sasa mlipa kodi kapoteza nini wakati ujuzi aliougharamia bado unamhudumia, tena huenda huko ndio unatumika kweli?

Watafiti wa mambo ya kazi Meyer na Allen mwaka 1991 walieleza kwamba mtu anajifunga na taasisi kwa njia tatu: anaipenda, au anaogopa atakachopoteza akitoka kama pensheni na cheo, au anajisikia ana deni nayo. Mkataba wa kutumikia unakupa hiyo ya pili tu, yaani mtu yupo kazini ila anahesabu miezi. Kinachoniuma ni kwamba kusomeshwa kwenyewe kunamfanya mtu ajisikie ana deni bila kulazimishwa, sisi tunaligeuza liwe la kwenye karatasi, lenye tarehe ya kuisha.

Hiyo ya kwanza, ya kuipenda taasisi, naona inatoka zaidi kwa watu kuliko darasani. Kathy Kram aliyechunguza ulezi wa kikazi, yaani mzoefu kumshika mkono mgeni kazini, miaka ya 80 alionyesha mlezi anafanya kazi mbili, anamfungulia mtu njia kwenye kazi na anamtia moyo. Hoja ya mkaguzi imekuja, kijana hajatimiza hata wiki mbili kwenye ajira, mzoefu anavuta kiti anamwonyesha vocha gani ya malipo itafutwe kwanza, jibu liandikwe vipi bila kumtupia lawama mwenzake wa idara nyingine. Kozi ya siku tano haikupi hicho.

Wapinzani wa ulezi huu wanasema mlezi mbaya anarithisha ubaya, anamfundisha kijana kukalia faili mpaka mwananchi "aongee vizuri", na wakubwa wanachagua watu wao. Ni kweli, ndiyo maana usimwachie mkubwa achague peke yake, na kijana awe na ruhusa ya kubadilishiwa mlezi bila kuonekana mkorofi. Lakini hata huyo mlezi mzuri tunamchosha bure, kwenye tathmini yake ya mwaka saa alizokaa na kijana hazina alama hata moja, anaonekana kachelewesha kazi zake. Hizo saa ziingizwe kwenye malengo yake, na anayesaini ruhusa ya masomo aandike palepale mtu akirudi atapewa kazi gani mpya, akishindwa kuijaza hiyo sehemu basi safari isubiri.