Kaya ya Watu Sita na Mmoja wa Ziada

Nchi hii ukitaka bima ya afya bila kuumwa kichwa, kwanza uwe na bosi. Mtumishi wa serikali hata hakumbuki siku aliyokata bima. Mshahara unaingia ukiwa umeshapunguzwa asilimia 3, mwajiri naye kachomeka 3 zake, kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, imo kwenye pochi, mke yumo, watoto wamo, na bado jamaa anapata nguvu ya kulalamika kwamba foleni ya wenye kadi ni ndefu. Mimi nimejiajiri. Bosi wangu ni mimi, namjua vizuri, na hana cha kuniongezea.

Ni fundi wa injini za boti hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nafungua kabureta, nabadilisha plagi, nanyoosha mapangaboi yaliyokwaruza mwamba, nusu ya siku miguu iko ziwani na mgongo uko juani. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2001, na mimi nilishika spana kwa mara ya kwanza miaka hiyohiyo. Tumekua pamoja katika nchi moja, ila hatujawahi kukutana.

Na msidhani sijautafuta. Tatizo kila kundi lina mlango wake, na kila mlango ninaougonga naambiwa wangu ni ule pale. Mwaka 2018 walikuja na Ushirika Afya ya wakulima walio kwenye vyama vya msingi, 76,800 mtu mzima kwa mwaka. Shemeji yangu wa Magu, mkulima wa pamba, akanipigia simu usiku kunisomea namba ya kadi yake, tarakimu moja moja, taratibu. Mimi nakaa Mabatini, mlimani, nyumba imekalia jiwe na choo kimekalia jiwe lingine. Mchicha wenyewe Mama Kulwa anauotesha kwenye ndoo iliyokatika mpini. Nikamuuliza shemeji kama chama chao kinapokea mkulima wa mawe. Akasema salio linaisha. Na yeye ndiye aliyepiga.

Haya, tukaambiwa kuna vifurushi vya mtu binafsi. Novemba 2019 vilitoka vitatu: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Cha chini kabisa kilikuwa 192,000 kwa mtu mmoja wa miaka 18 hadi 35. Mimi nilikuwa nimeshaivuka 35 bila hata kuiaga. Ukivuka, bei ilikuwa inapanda, maana walijua mwili wa fundi aliyevuka 35 una mambo yake. Baadaye yakaja majina mengine, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Ngorongoro na Serengeti mimi nazijua kwenye kalenda. Huko wanaingia wazungu wenye kofia. Sisi wa Mwanza wangetutolea Saanane Afya. Saanane nayo ni hifadhi ya taifa kamili, ipo hapa hapa mbele ya mji, ndogo kuliko zote nchini, unavuka kwa boti dakika chache umefika. Kifurushi cha kadiri yetu. Hata boti ya kwenda huko ikizima injini ningeitengeneza mwenyewe.

Baada ya hapo nikaletewa kampuni binafsi, yaani ilinifuata yenyewe mwaloni. Kijana mmoja wakala, kavaa tai jua la saa tisa, kashika fomu, anaruka matandiko ya dagaa kwa ncha za viatu. Akanisalimia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Saa tisa mchana! Nikajua huyu Kisukuma kafundishwa kwenye basi.

"Mzee wangu, nikuandikishe bima. Hospitali nzuri, hamna foleni, chai unaletewa."

"Andika."

"Una ugonjwa wowote sugu?"

"Wa nini tena?"

"Ni fomu inauliza, mzee wangu."

"Presha ipo kidogo."

Kalamu ikasimama. Akanitazama vile fundi anavyoitazama injini iliyozama. "Hiyo presha ilikuwepo kabla ya leo?"

"Hapana. Imeanza ulipoanza kuuliza."

Akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema. Akanieleza kwa upole kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla, mwaka wa kwanza hawaugusi. Nikamuuliza uzazi. Uzazi upo, akasema, ila mnasubiri miezi kumi na miwili. Nikamwambia Mama Kulwa ana miaka 51. "Basi hiyo mtakuwa mmeilipia tu," akasema, na wala hakuwa anatania. Macho? Nyongeza. Meno? Nyongeza. Ukikohoa ukaenda ukarudi siku hiyohiyo? Hiyo ni wagonjwa wa nje, nayo ina malipo yake.

"Sasa mwanangu, ninyi mnatibu sehemu gani ya mtu?"

"Ukilazwa, mzee wangu. Ukilazwa tuko pamoja."

"Kitakachonilaza ni presha."

"Hiyo kwa mwaka wa kwanza ndiyo nimekwambia..."

Jamani. Hebu mvuvi aniletee Yamaha yake, nimwambie nitaitengeneza ila isiwe imeharibika kabla hajaja. Si atanitupa ziwani na boksi la spana?

Kijana hakukata tamaa. Akasema tukiwa kikundi bei inashuka, je, sina wenzangu? Nikamwonyesha wenzangu. Yule anayeshona nyavu ana mgongo. Wale akina mama wa kukaanga samaki wamemeza moshi tangu wakiwa wasichana. Wavuvi wote hapa wameshaonja kichocho na malaria, na asiyekubali basi anajificha kwenye fomu tu. Akawaangalia, akaangalia karatasi yake, nikaona anajumlisha kimoyomoyo na jumla haimpendezi. Nikamwuliza yeye ana bima ipi katika hizo anazouza. Akacheka, akalegeza tai. "Mimi bado nalipwa kamisheni, mzee wangu. Nikiajiriwa watanikatia." Tukampa kiti. Alikaa nasi hadi jioni, na wala si mtu mbaya.

Tena niseme haki, hesabu yao naielewa. Sisi wenyewe bima tunaikumbuka tukiwa kwenye machela. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wenye watoto wazima wakasema tutakata mwakani, wenye watoto wagonjwa wakakata asubuhi na mchana wakawa wodini. Mfuko ukawa unalipa kuliko unachokusanya, na mwaka 2023 ukasimamisha kusajili mtoto mmoja mmoja, wakasema wasajiliwe kupitia shule. Ni nani anakata bima akiwa na afya yake? Ukiwa mzima hela ina kazi nyingine. Kuna ada, kuna bando, kuna kamati ya harusi. Bima inamtaka mtu siku asiyoihitaji, na yeye anaitaka siku isiyomtaka, halafu wote wawili wanalaumiana. Ila mbona mwenye bosi haulizwi presha yake ilianza lini? Yeye anaingia na kila kitu chake, hata tezi dume. Mimi peke yangu ndiye ninayechunguzwa kama nimekuja kuiba.

Na wenye kadi wenyewe nao wana yao. Machi 2024 kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, kilipoanza, hospitali binafsi kadhaa ziligoma kupokea kadi kwa ajili ya bei. Siku hiyo, nakiri nilitembea mjini na kifua mbele. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa.

Bima yetu halisi sisi iko WhatsApp. Grupu la ukoo. Doto alipogongwa na bodaboda pale Igoma akavunjika mguu, nikaandika humo kwa heshima zote, na picha ya eksirei juu. Zikaanza kuingia: pole sana Baba Kulwa, mikono ya kuomba, mikono ya kuomba, Mungu ni mwema, mikono ya kuomba. Ingekuwa ile mikono inashika hela, Doto angepelekwa India. Mjomba wa Geita akaandika "naahidi 20,000". Mhazini akatoa orodha: namba, jina, ahadi, taslimu. Safu ya ahadi ilijaa vizuri. Safu ya taslimu ilikuwa nyeupe peee, mbele ya jina langu tu palikuwa na kitu. Wiki hiyohiyo grupu la kamati ya harusi ya binti wa shangazi likataka mchango, na mjomba wa Geita akalipa kadi ya dabo, akatuma na risiti. Mguu hauna pilau. Ndiyo shida yake.

Kwa hiyo nikaenda kwenye CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii. Hiyo nayo ilianza 2018, ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Elfu thelathini naiweza, hata kama ni kwa kulipa nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa inaanzia zahanati inakwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mwisho hospitali ya rufaa ya mkoa. Bugando ni ya kanda, iko kilimani pale unaiona kutoka kila kona ya mji, ila kadi ya 30,000 haikuwa na pumzi ya kupanda kile kilima. Sawa, tutaugua magonjwa ya bondeni.

Dada mwandikishaji akaniuliza majina. Nikataja: mimi, Mama Kulwa, Kulwa, Doto, Shija, mama yangu mzazi, na Masanja, mtoto wa marehemu dada yangu.

"Baba, hao saba."

"Ndiyo sisi."

"Mfumo unapokea sita."

"Na wa saba?"

"Anafungua kaya yake."

"Masanja ana miaka tisa."

Akaiangalia simu yake ya kuandikishia, pengine mfumo utasema kitu. Mfumo haukusema. "Basi lipia kaya mbili, baba." Yaani Masanja, ambaye bado anasahau viatu shuleni, awe mkuu wa kaya, 30,000 yake mkononi, na nafasi tano wazi anatafuta wapangaji.

Nikarudi nyumbani tukafanya kikao juu ya ugali na dagaa: nani atoke. Nawaambia, kura za ubunge zina adabu kuliko kikao kile. Mama Kulwa akaanza bila hata kunawa: "Utoke wewe. Wewe ukiumwa huendi hospitali, unakwenda kwa Mangi kununua Panadol mbili." Kulwa akasema yeye ndiye wa kwanza, hawezi kutoka kabla ya Doto. Doto akanyanyua mguu wake wa ushahidi akauweka juu ya stuli. Shija akasema yeye anacheza namba nane na mabeki wa Nyakato wanakata miguu. Masanja alinyamaza, akawa anakula dagaa harakaharaka, akijua kikao cha aina hii kikiisha chakula nacho kinakuwa kimeisha. Nikasema Masanja hatoki. Hapo hakuna aliyebisha, hata Shija.

Kuhusu ile sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopita Bungeni Novemba 2023, tuliisikia kwenye redio pale mwaloni na tukapiga makofi. Mzee mmoja mvuvi akasubiri makofi yaishe, ndipo akauliza: "Hao wote, na sisi tumo?" Tukatazamana. Sasa usiku ule juu ya sinia nikawa najiuliza swali lake, maana hata ndani ya nyumba yangu wote hawaenei.

Ndipo mama akaongea. Ana miaka 74 na haongei mpaka amalize kutafuna. "Nitoeni mimi. Sisi wa miaka sitini na kuendelea si tunatibiwa bure?"

Nikamwambia mama, sera inasema hivyo kweli, kwa wazee wasiojiweza.

"Naijua hiyo bure. Nilikwenda. Kiti bure, daktari bure, karatasi bure. Dawa nikaambiwa mwanao akanunue nje." Akanitazama, maana huyo mwanao ndiye mimi, na dawa zile nakumbuka bei yake. "Lakini si neno, nitapanga foleni yangu ya wazee. Ninyi bakini sita."

Kikao kizima kikashusha pumzi. Mama Kulwa akamwongezea mboga. Mimi nikaanza kumshukuru, nimeshafika kwenye "Mungu akuzidishie", akanikatiza.

"Hiyo kadi mlisema ni shilingi ngapi?"

"Elfu thelathini, mama."

"Ya watu sita."

"Ya watu sita."

Akahesabu kwa vidole vilivyokuwa na ugali, akarudia, akafuta mkono kwenye kanga. "Kwa hiyo kila mtu elfu tano. Nafasi yangu nimempa Masanja, siyo bure. Leta elfu tano yangu."

Nikamweleza kwamba hivyo sivyo bima inavyofanya kazi. Akasema yeye bima haijui, anaijua elfu tano. Nikamtazama mke wangu anisaidie, naye kainamia sinia, mabega yanacheka. Nikatoa noti. Mama akaigeuza mbele na nyuma kwenye mwanga wa taa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia na mwakani nisimsubirishe.