Mimi Ni wa 401

Saa nne asubuhi bosi aliniagiza nimpatie ripoti ya robo mwaka kabla ya kikao cha saa sita. Kazi ya kubofya mara moja tu. Ripoti zetu zinakaa kwenye seva ya ofisi, na mimi nilikuwa nimeshaingia humo tangu nilipowasha kompyuta. Nazitazama zimepangwa kama sahani kabatini. Nikabofya.

Kikachomoza kisanduku: jina la mtumiaji, nywila.

Nikakishangaa. Si tuko wote ndani tangu asubuhi? Ubaya wenyewe ni kwamba ile nywila sikuwa naijua. Aliyekuwa anaijua ni kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Nilikiambia kiikumbuke siku yangu ya kwanza kazini, na tangu siku hiyo nikajipa ruhusa ya kuisahau. Nikabofya "Ghairi". Kisanduku kikatoweka, ikabaki namba 401 na maneno mawili matatu ya Kiingereza ambayo sikuhangaika nayo. Nikajua hiyo ni foleni. Watu 400 wametangulia, mimi ni wa 401.

Nikasubiri, maana sipendi kusukumana. Baada ya robo saa nikabofya tena, nikaghairi tena: 401. Hakuna hata mmoja aliyehudumiwa! Nikaanza kuwachukia wale 400, hasa huyo aliye mbele kabisa.

Uvumilivu ulipokwisha nikaanza kubahatisha. Nikaweka nywila ya barua pepe. Nikaweka ya simu. Nikaweka jina la mchumba wa zamani, kwanza kwa herufi kubwa, kisha kwa herufi ndogo kama anavyostahili. Jaribio la tano hata sikumbuki niliandika nini, ila seva ilichoka nalo: akaunti ikafungwa, na ile orodha niliyokuwa naiona, nayo kwaheri.

Saa tano na nusu nikamwita fundi wa kompyuta. Nikamweleza habari za foleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kijana ana adabu, kisha akasema, "Mzee, 401 ni seva inakwambia hujajitambulisha."

Akaifungua akaunti, akanipa nywila mpya, akaingia, akabofya ripoti. Kisanduku hicho! Moyoni nilifurahi; angalau na yeye kimemdharau. Lakini hakuandika chochote. Alikikodolea macho, akagusa nembo ndogo pembeni. "Hiki si cha kivinjari. Nani ameweka programu ya kupakulia humu?"

Nikakohoa.

Ni mimi, wiki iliyopita, baada ya kusikia kwamba inaharakisha mambo. Kumbe kila nikibofya faili, programu inalinyakua na kwenda kuliomba yenyewe. Kivinjari kinapoomba kitu kwenye seva ile, hutanguliza jina na nywila yangu kimyakimya. Hii ya kwangu inafika mlangoni imeshika anwani ya faili tu, kama mtu aliyetumwa kuchukua mzigo bila karatasi ya aliyemtuma. Seva inauliza wewe nani, nayo programu inageuka na kuniuliza mimi.

Fundi akaizuia isiingilie kivinjari, akabofya. Ripoti ikashuka kabla hajainua kidole kwenye kipanya.

"Samahani, mzee," akasema, "ulikuwa unaharakisha mafaili makubwa kiasi gani?"

Tukatazama wote wawili. Kilobaiti 90.