Siku Nilipoulizwa Maoni

Kila nikifungua redio asubuhi, naambiwa Wakenya asilimia kadhaa wanaona rais anatupeleka pazuri, wengine pabaya. Wakenya gani hao? Miaka 46 natembea na kitambulisho mfukoni, sijaulizwa hata siku moja. Wanaonipigia ni wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii".

Na maoni ninayo! Nikute kwa kinyozi Jumamosi, kichwa nusu kimenyolewa, uone. Mwaka 2022 nilisukuma wilbaro, alama ya chama cha William Ruto, mpaka kwenye mkutano wake wa kampeni, mgongo ukaniuma wiki nzima. Ruto alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, niliwaambia majirani: hiyo nukta arobaini na tisa ndiyo mimi.

Leo karatasi yangu ya mshahara inasomeka kama orodha ya michango ya harusi. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, bima ya afya 2.75, kisha kodi yenyewe, anayekuja mwisho kuokota makombo ni mimi. Vijana walimbatiza rais Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, wa juu ya mkuyu, na Juni 2024 wakajaa barabarani kumwambia ashuke. Wengine waliuawa. Mswada wa fedha wa kuongeza kodi ukakataliwa saini na rais mwenyewe. Binti yangu akaniuliza, "Baba, nyinyi mlikuwa mnangoja nini?" Nikamtuma chumvi dukani.

Marehemu baba, enzi za Nyayo, yaani Rais Moi, akitaka kusema sukari imepanda, alifunga dirisha kwanza, halafu akaongeza sauti ya redio. Mwaka 1988 kura za mchujo za chama tawala, KANU, zilipigwa kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya mgombea wake au wakala wake, jirani anakuona. Nilikuwa nikimcheka sana mzee.

Basi Jumanne simu ikalia. Sauti ya binti, nyororo: "Tunafanya utafiti. Je, unaridhika na uongozi wa rais?"

Nikasimama. Nikachungulia nje. Nikafunga dirisha.

"Anajitahidi," nikasema.

"Unaridhika kiasi, au sana?"

"Andika sana. Na jina langu usiandike."

"Jina sijakuuliza, baba."

Jumamosi kwa kinyozi nikawasimulia nilivyommwagia yule binti ukweli, mpaka akaniomba nipunguze makali. Wazee wakapiga makofi. Kinyozi akazima mashine, akaniangalia kwenye kioo.

"Mzee, jana mama watoto wako alimleta kijana kunyolewa hapa."

Nikamwambia amalizie upande wa kushoto, nina haraka.