Baba Kashonwa

Nilianza kwa hesabu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Blanketi lilikuwa la kichanga cha shemeji yangu, anayetolewa arobaini Jumamosi. Mke wangu ni fundi cherehani, tunakaa Ngamiani, Tanga, na nyumba yetu haikosi mabaki ya vitenge vya wateja. Akaunganisha viraka 48 vya inchi sita kwa sita, katikati akaweka shuka nzito, nyuma kitambaa laini cha pamba. Ukingoni akazungusha utepe mwekundu: umekatwa inchi mbili na nusu, umekunjwa kati, umeshonwa upande wa mbele kwa cherehani. Kilichobaki ni kuugeuza uje nyuma na kuufunga kwa mkono, uzi usionekane.

Alhamisi akaitwa Muheza kupima magauni ya harusi.

"Baba Nasri, likizo yote umelala. Nimalizie ukingo. Kwa mkono, umesikia? Kwa mkono."

Nilisikia. Vifungo nashona tangu shule ya msingi, ukingo utanishinda? Lakini mimi ni mwalimu wa hisabati. Alipotoka tu nikashika kalamu. Upana inchi 36, urefu 48, mzunguko inchi 168. Mishono minne kila inchi, jumla 672. Mshono mmoja sekunde kumi: dakika 112, hapo sijajichoma, sijanywa chai. Na cherehani iko pale pale, imefunikwa kitambaa, inaniangalia.

Mume wa fundi ni kama kondakta. Gari analipanda kila siku, mwisho anaamini anajua kuendesha.

Nikakaa. Joto la Desemba mnalijua, nilikuwa kifua wazi na msuli kiunoni, basi. Upande wa kwanza ulikwenda kama maji. Sindano niliipitisha upande wa mbele, kwenye kile kijifereji utepe unapokutana na viraka, uzi ukawa unazama haswa. Nikajisifu kwa sauti. Nasri, mwanangu wa miaka sita, akapiga makofi. Nikageuza kuangalia nyuma: mahali utepe umekamatwa, mahali umeachwa unaning'inia kama ulimi wa mbuzi. Kumbe nilikuwa nashona nisichokiona. Mke wangu alikuja kunieleza baadaye kwamba anayetaka kumaliza kwa cherehani huanza nyuma: utepe unashonwa kwanza upande wa nyuma, ndipo unageuzwa mbele na kupigwa mshono ukiuona kwa macho. Sasa ule ulikuwa umeshaanziwa mbele, kwa ajili ya mkono. Ndiyo maana alisema mkono mara mbili.

Nikasema nitarudia baadaye, kwanza tusonge. Kwenye kona ya kwanza utepe umekunjwa juu ya mkunjo, unene kama chapati tatu. Ta! Sindano imekatika. Nikaweka nyingine. Kona ya pili, ta! Nasri akaanza kuhesabu kwa vidole.

Upande wa mwisho nikaona nikimbize. Blanketi limeshakuwa zito, linateleza mapajani, kila mara nalivuta juu ya meza. Nikalivuta mara moja kwa nguvu, nikakanyaga pedali kwa miguu yote miwili, cherehani ikaimba inchi sita au saba, halafu ikakwama. Gurudumu haliendi mbele, halirudi nyuma. Chini uzi umejiviringa kama kiota cha shomoro. Nikataka kuinuka nichungulie.

Sikuinuka. Nilipojaribu, msuli ulibaki.

Kipindo cha mbele kilikuwa kimepanda mezani pamoja na blanketi, na sindano imekipigilia humo humo. Mimi na msuli, msuli na blanketi, blanketi na cherehani ya chuma isiyonyanyuliwa na mtu mmoja. Wembe wa kufumulia uko kabatini, upande wa pili wa chumba.

"Hodi!"

Sauti ya mama mkwe. Amekuja kuchukua blanketi.

"Karibu mama! Subiri! Karibu lakini subiri!"

Nasri ameshafungua mlango. "Bibi karibu. Baba kashonwa."

"Kafanywa nini?"

Akaingia. Nikamwamkia nikiwa nimeketi. Mkwe ameketi, mama yake mke amesimama! Naona anavyonitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mguu unakuuma, mwanangu?"

"Hapana mama."

"Mgongo?"

"Hapana."

Nasri akaona bibi anacheleweshwa bure. "Msuli wake umo ndani ya blanketi. Akisimama unabaki."

Mama hakucheka, na ningeshukuru kama angecheka. Aligeuka polepole akatazama kalenda ukutani, akaanza kusoma tarehe za mwezi kwa sauti, moja moja. Alipofika tarehe tisa, akafungua khanga aliyojitanda na kuirusha nyuma bila kugeuza shingo, ikanitua kichwani. "Jifunge hiyo, utoke humo." Nikajifunga, nikajichomoa, msuli nikauacha umekaa peke yake kwenye kiti. Niliposimama Nasri, ambaye siku hizi anasoma kila kitu, akasoma maandishi yaliyonizunguka makalioni: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Hapo ndipo mama alipocheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akashika ukuta, akajipangusa machozi kwa mkono wa gauni.

Kisha akaomba wembe, mkeka na uzi mwekundu. Akafumua kazi yangu yote kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kujisifu, akaanza kufunga utepe kwa mkono, sindano inaingia kwenye mkunjo na kutokea bila kuonekana ilikopita. Mimi nilipewa cheo cha kutunga uzi.

Mke wangu aliingia magharibi. Akaona mama yake mkekani, akaniona mimi na khanga, akauona msuli uliotoboka kama chujio. Hakuuliza lolote kati ya hayo. Akainama kwenye cherehani, akachungulia chini ya meno.

"Sindano umevunja ngapi?"

"Moja."

"Tatu, mama," akasema Nasri. "Moja bado imo kwenye msuli."